Ndoo Tisa za Mchanga, Moja ya Plastiki

Fundi Timazi alikuwa mwashi, tena mwashi msumbufu. Timazi ni uzi wenye chuma kizito mwishoni. Waashi huuning'iniza kando ya ukuta ili waone kama ukuta umesimama wima. Fundi huyu alipewa jina hilo kwa sababu tofali likichomoza kwa unene wa ukucha tu, alilitoa akaanza upya. Watu walimtania kwamba hata mto wake anaupima kabla ya kulala.

Kila asubuhi alikunywa chai akiwa amesimama. Alitia mwiko na kamba zake kwenye mfuko. Kisha, kabla ya kwenda kazini, alipita nyumba ya jirani, kwa mke wa marehemu kaka yake, alikoishi pia mama yao.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji."

"Mama amelalaje?"

"Amekohoa mpaka alfajiri. Karibu ukae."

"Nimechelewa. Nitapita jioni."

Jioni alipita kweli, na jioni pia alikuwa amechelewa. Miezi minne mizima hakukaa kwenye kiti cha nyumba ile.

Alikuwa na sababu. Kaka yake alikuwa mchimba mchanga kule mtoni. Siku moja asubuhi alimletea Timazi mchanga kwa mkokoteni. Timazi alikuwa na kazi ya kupiga lipu nyumba ya mteja. Kupiga lipu ni kuupaka ukuta mota, yaani saruji iliyochanganywa na mchanga na maji. Timazi alichota mchanga ule, akausugua kiganjani. Kiganja kikabaki na udongo.

"Kaka, huu mchafu. Sipigii lipu tope mimi. Niletee ule wa chini."

Kaka yake alicheka. "Wewe siku yako ya kufa utapima kaburi."

Akaugeuza mkokoteni, akarudi. Mchanga safi ulikuwa chini ya ukingo wa mto. Wachimbaji walikuwa wameula ukingo ule kwa chini, siku baada ya siku, mpaka juu pakabaki udongo uliokaa hewani. Kabla ya saa sita mchana udongo ule ulishuka. Wenzake walimfukua kwa makoleo, kisha kwa mikono, wakiogopa kumkata. Walimtoa jioni, na alikuwa amekwisha kufa.

Maneno yale ya asubuhi Timazi hakumwambia mtu. Aliona haya, na aliogopa. Ndiyo maana hakukaa.

Kinyozi hajinyoi. Marehemu alichimba mchanga uliojenga nusu ya mtaa, lakini nyumba yake mwenyewe aliiacha haina lipu. Ilikuwa na vyumba viwili vya matofali ya saruji, matupu, yaliyojaa vitundu. Mvua ikipiga, maji yalipenya ukutani na kushuka mpaka sakafuni. Mama yao mzazi alilala chumba cha upande wa mvua. Mvua zilizopita zilimlaza zahanati siku kumi na moja kwa sababu ya kifua. Daktari aliongea waziwazi.

"Mama yenu akilala tena kwenye unyevu, msije kunilaumu. Kifua hiki hakina nguvu ya mwaka mwingine."

Mvua zilikuwa zimebakiza miezi mitatu.

"Nitapiga lipu mimi," Timazi alimwambia shemeji yake. "Nje na ndani. Nitaleta mchanga."

Mjane yule alikuwa akifua. Aliacha nguo majini, akasimama.

"Mchanga wa wapi?"

"Shemeji, mchanga ni wa mtoni. Hapa hakuna mwingine."

"Basi haupigwi lipu ukuta wangu. Mchanga wa shimo lile hauingii kwangu. Si mkokoteni, si ndoo, si konzi. Umemmeza mume wangu, halafu niupake ukutani niutazame kila siku?"

Timazi angejibu nini, yeye aliyeuagiza?

Wiki ile ile, kwenye kazi ya mteja, alisikia vibarua wakizungumza. Walisema siku hizi watu wanasaga plastiki taka, wanaitia kwenye mota badala ya mchanga. Timazi aliacha mwiko hewani. Aliuliza mara tatu. Ndiyo, walimwambia, kuna uwanja wanakosaga plastiki, nyuma ya soko. Inatoka chembe chembe.

Alirudi nyumbani akikaribia kukimbia. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alikuwa na habari ya kumpa shemeji yake.

"Plastiki?" mjane aliuliza. "Hizi chupa na madumu?"

"Hizo hizo. Ikisagwa inakuwa kama mchanga. Hatuhitaji mto."

Mjane hakuuliza zaidi. Kesho yake alichukua magunia mawili. Alizunguka mitaroni, nyuma ya maduka, kwenye karakana za magari. Watu walimwangalia. Mmoja akasema, "Maskini, mume kafa, na akili imemfuata." Mjane alisikia, akaendelea kuokota. Kwa wiki mbili alijaza magunia kumi na tisa ya madumu ya mafuta, ndoo zilizopasuka, vifuniko na mifuko laini. Timazi aliyabeba yote kwenye mashine, yakasagwa pamoja.

Uani kwa marehemu kulikuwa na kichuguu cha mchanga kilichobaki tangu enzi za kufyatua matofali. Kilikuwa kimeota majani.

"Huo tumia," mjane alisema. "Aliuleta mwenyewe, akiwa hai."

Ulikuwa mchache. Timazi alichanganya nusu mchanga huo, nusu plastiki, akatia saruji na maji. Alipoichota kwa mwiko, mota ilikuwa ngumu. Ilikwaruza, haikutandazika. Sasa, kila mwashi anajua dawa ya mota ngumu. Ni maji. Mkono wa mwashi husikiliza mwiko, na mwiko ukikwaruza, mkono huenda kwenye ndoo ya maji kabla kichwa hakijafikiri. Timazi akatia maji. Ikalainika kidogo, akatia tena. Chembe za plastiki zikaelea juu ya karai kama makapi. Aliziona. Mtu ambaye angebomoa ukuta kwa ajili ya ukucha mmoja, siku hiyo alizikoroga zikazama, akaendelea. Alitaka sana kumaliza.

Alianza na chumba cha mama, ukuta wa kitandani. Ulipendeza. Mama mwenyewe aliupapasa.

"Sasa nimekuwa mtu wa ghorofani," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya tisa asubuhi, Timazi alisikia kishindo, kisha ukelele. Alifika mwiko ukiwa bado mkononi. Lipu ilikuwa imebanduka bapa zima, kuanzia juu mpaka usawa wa kitanda. Mama yake alikuwa amelala chini yake, uso mweupe kwa vumbi, mkono mmoja umekunjika vibaya. Mjane alikuwa akiondoa vipande kwa mikono, haraka haraka. Kwa mikono. Timazi alimtazama akifanya vile, akajua anafikiria nini.

"Mama! Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, usinipigie kelele," mama alisema. "Ukuta umeona nimelala sana, umekuja kuniamsha." Kisha akalia kwa maumivu. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika.

Walipomrudisha kutoka zahanati akiwa amefungwa bega, mjane alimkabili Timazi mlangoni. Hakupaza sauti.

"Mlikuwa ndugu wawili. Mmoja kafukiwa. Wa pili anatufukia sisi. Shemeji, chukua plastiki yako uende."

Timazi alikwenda. Siku tatu hakufanya kazi. Mwiko wake ulikaa kwenye mfuko, na mota ikaukaukia humo.

Siku ya nne aligongewa. Alikuwa Mama Vunja.

Mama Vunja alikuwa jirani wa nyumba ya tatu. Alifanya kazi maabara ya chuo cha ufundi. Kazi yake ilikuwa kuvunja matofali na vipande vya zege kwenye mashine, ili ijulikane vina nguvu kiasi gani. Mtaani walimtania kwamba ndiye mtu pekee anayelipwa kwa kuharibu. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Fundi, nimetoka kumwona mama yako. Nimeokota hiki." Alikuwa ameshika kipande cha lipu. "Hebu kikwangue."

Timazi alikikwangua kwa kucha. Chembe za plastiki zilidondoka moja moja, safi.

"Unaona? Hazikushikwa na saruji hata kidogo. Sasa nusa."

Timazi alinusa. "Mafuta ya gari."

"Umetia kiasi gani?"

"Nusu kwa nusu."

"Na maji?"

Timazi aliinamisha kichwa. "Mpaka ilipolainika."

Mama Vunja alishusha pumzi, akavuta kigoda. "Kuuliza si ujinga, fundi. Wewe hukuuliza. Sikiliza. Plastiki kwenye mota si uongo, watu wanaitumia. Lakini chembe ya mchanga ina mikwaruzo, saruji inaishika. Chembe ya plastiki ni laini, saruji inateleza juu yake. Ikiwa chache, mchanga unaibana katikati, inakaa. Ikizidi, ukuta wote unakuwa wa vitu visivyoshikana. Kwa hiyo hatuondoi mchanga wote. Katika kila ndoo kumi za mchanga, toa moja tu, weka plastiki ndoo moja. Hapo tu."

"Moja kati ya kumi?"

"Moja. Na upime kwa ndoo, usipime kwa mizani. Plastiki ni nyepesi. Ukipima kilo kwa kilo, utatia mlima."

"Nilidhani mwiko ukikwaruza..."

"Mwiko umezoea mchanga. Mota ya plastiki itakwaruza kidogo, na wewe ivumilie. Maji yakizidi, plastiki inaelea juu na saruji inakosa nguvu. Koroga vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja. Ndipo utie maji, kidogo kidogo."

Timazi alikigeuza kipande kile mkononi. Kisha akasema, "Shemeji hataki mchanga. Nilimwahidi hatutauhitaji."

"Basi ulimwahidi kisichokuwepo," Mama Vunja alisema. "Twende ukamwambie."

Mjane alisikiliza akiwa amesimama kwenye kizingiti. Mama Vunja alieleza yote. Alipofika kwenye ndoo tisa za mchanga, mjane alirudi ndani. Walisikia mama akikohoa, na mjane akimgeuza ubavu.

"Usimsukume," Mama Vunja alinong'ona. "Wewe njoo chuoni. Tuvunje kwanza. Macho yake yakiona, labda."

Safari hii walianza na plastiki yenyewe. Waliokota nyingine, wakaweka kando mifuko laini, kwa sababu hujikunja na kuacha mashimo ndani ya mota. Walichukua plastiki ngumu: ndoo, vifuniko, madumu. Waliiosha kwa sabuni mpaka maji yakatoka meupe, ndipo ikasagwa. Timazi alijifunga kitambaa puani ili asivute vumbi lake. Kisha wakaichekecha kwenye chekecheke lile lile la mchanga. Maji ya kuoshea waliyachuja kwa kitambaa, chembe zisiende mtoni.

Timazi alifyatua vipande vidogo vya majaribio kwa mchanga wa chuoni. Vingine havikuwa na plastiki, vingine vilikuwa na moja kati ya kumi, na vingine nusu kwa nusu. Vilikaa majini siku ishirini na nane. Siku ya kuvivunja, Mama Vunja alimwendea mjane mwenyewe.

"Njoo unione nikiharibu," alimwambia. Mjane alikwenda.

Mashine ilikandamiza kipande cha nusu kwa nusu. Kikamomonyoka mara moja, kimya kimya. Kile cha mchanga mtupu kilivumilia sana kabla ya kupasuka. Kile cha moja kati ya kumi kilivumilia pia, pungufu kidogo.

"Kwa lipu kinatosha," Mama Vunja alisema. "Kwa msingi, nguzo, au ukuta unaobeba paa, msithubutu. Na ukuta wa jikoni karibu na jiko, msitie plastiki kabisa. Joto litaiyeyusha, na moshi wake ni sumu."

Mjane aliokota vumbi la kile kipande cha nusu. Alilitazama muda mrefu.

"Mvua zimebaki wiki ngapi?"

"Tano," Timazi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza naye kwa mwezi mzima.

"Leteni mchanga," mjane alisema. "Mama yangu hatakufa kwa ubishi wangu. Lakini hakuna mtu atakayeingia chini ya udongo kwa ajili ya ukuta wangu. Mchanga uchotwe juu, pale mto ulipotanda, peupe. Shimoni hapana."

"Shemeji, wa juu hautafaa," Timazi alisema. "Una udongo. Mota yake hupasuka."

Mama Vunja alikuwa akifagia mashine. Alisema bila hata kugeuka, "Mchanga wenye udongo haukataliwi, fundi. Unaoshwa."

"Unaoshwa?"

"Kwa maji tu. Chukua chupa inayoonyesha ndani. Tia mchanga kimo cha vidole vitano, jaza maji, tikisa sana, iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, tope litakaa juu yake. Tope likifika nusu kidole, mchanga huo ni mchafu. Uweke kwenye pipa, mimina maji, koroga, mwaga maji machafu. Mara mbili, tatu. Unakuwa kama wa chini, tena bora. Mbona kazi ya asubuhi moja hiyo."

Timazi alitafuta kitu cha kushika. Palikuwa na ndoo iliyopinduliwa, akaikalia.

"Fundi, unaumwa?"

"Asubuhi moja," alisema.

"Ndiyo. Mapipa mawili na watu wawili."

Timazi alimtazama shemeji yake. "Shemeji, siku ile aliniletea mchanga. Ulikuwa wa juu. Ulikuwa na udongo. Mimi niliukataa. Mimi ndiye niliyemwambia aende chini." Alifunika uso kwa viganja vyake vyenye magamba ya saruji. "Ulikuwa wa kuosha tu. Mimi na yeye tungeuosha, tungemaliza kabla ya saa nne."

Mama Vunja aliegemeza ufagio ukutani polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Najua," mjane alisema.

Timazi aliinua uso.

"Alipita nyumbani kunywa maji. Aliniambia, 'Timazi kaukataa mchanga wangu, naenda kumchimbia wa kifalme.' Alikuwa anacheka. Najua tangu siku hiyo."

"Na hukusema?"

"Nilitaka nisikie kwako. Miezi sita unapiga hodi kwangu kila asubuhi, unasema umechelewa. Nilikuwa nikisema moyoni, leo atasema. Leo atasema." Sasa machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. "Usiniulize kama nimekusamehe. Kuna siku naamka nimekusamehe. Ikifika mchana sijakusamehe tena. Nyanyuka, shemeji. Mama anatungoja."

Walichota mchanga juu, peupe, penye nyayo za ndege. Waliuosha kwenye mapipa mawili uani. Timazi alikoroga, mjane alimwaga. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya maziwa, ya pili kama maji ya mchele, na ya tatu yakaonyesha mpaka chini ya pipa. Timazi alichota mchanga ule, akausugua kiganjani. Kiganja kilibaki safi. Akaenda nyuma ya nyumba akalia peke yake. Mjane alimwacha alie, akaendelea kumwaga maji.

Kisha wakafanya kazi. Walikwangua lipu mbovu yote. Timazi aliuchonga chonga ukuta ili lipu ipate pa kushika, akaulowesha maji. Mjane ndiye aliyepima, kwa sauti, kwa ndoo ile ile moja: saruji mbili, mchanga tisa, plastiki moja. Wakakoroga vikavu mpaka rangi ikawa moja. Wakatia maji kidogo kidogo. Mwiko ulikwaruza.

"Unakwaruza," Timazi alisema, mkono ukielekea ndoo ya maji.

"Ukwaruze," mjane alisema, akaivuta ndoo upande wake.

Ukuta wa jikoni waliupiga kwa saruji na mchanga mtupu. Kwa siku saba waliilowesha lipu yote asubuhi na jioni, isikauke haraka ikapasuka. Mama alisimamia akiwa kitandani, chumba cha pili, bega likiwa limefungwa.

"Mimi sirudi kulala chini ya ukuta huo," alisema. "Alale fundi kwanza."

Timazi alitandika mkeka chini ya ukuta, akalala hapo wiki tatu nzima mpaka mvua zikafika. Hakuna kilichodondoka.

Mvua zilikuja na hasira. Siku ya tatu ya mvua, mjane alipapasa ukuta wa chumba cha mama kutoka pembe hadi pembe. Ulikuwa baridi, lakini ulikuwa mkavu. Mama alikohoa kidogo mwaka ule, na hakulazwa. Bega lake halikupona sawasawa. Mpaka leo hawezi kuinua mkono kujifunga kitambaa kichwani. Timazi akifika asubuhi, humfunga yeye, na mama humwambia amekifunga upande.

Waashi wengine walikuja kutazama. Walikwangua kwa kucha, wakapima kwa macho, wasione kasoro. Wakaanza kuomba plastiki iliyooshwa na mchanga uliooshwa. Mjane alinunua mapipa mengine mawili, kisha manne. Aliandika mlangoni kwa mkaa: NDOO TISA NA MOJA. USIZIDISHE.

Lakini nisikufiche, msomaji. Shimo la mtoni bado lipo. Ndoo moja kati ya kumi haiwezi kulifunga, na wachimbaji bado wanaingia chini ya ukingo, kwa sababu watoto wao wanakula kila siku.

Siku moja mke wa mchimbaji mmoja alikuja uani. Alisimama mbali na mapipa, akipindapinda ncha ya kanga yake.

"Dada, nasikia unatafuta mtu wa kuosha mchanga. Mume wangu ana nguvu. Hata siku moja kwa wiki."

"Nina kazi ya siku moja tu kwa sasa," mjane alisema. "Jumanne."

"Jumanne inatosha."

Jumanne mchimbaji yule alikuja, akaosha mapipa kumi na mawili bila kupumzika. Saa tisa alasiri mkewe alifika kumchukua, ingawa mtu mzima hachukuliwi kazini. Alimkuta amekaa kivulini, suruali imelowa mpaka magotini, anakunywa maji. Yule mke alimshika bega, akalibonyeza, kama mtu anayejaribu tunda sokoni. Kisha wakaondoka pamoja, jua likiwa bado juu.

Mjane aliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona.

"Ni siku moja tu," Timazi alisema nyuma yake.

"Ni siku moja ambayo hayumo mle," mjane alisema. "Kesho nenda kwa waashi wa ng'ambo. Waambie mchanga wa juu upo, umeoshwa. Nataka na Alhamisi."